Kiwiko Changu Kitabuni

Jumatatu, 3 Novemba
Mjukuu wangu kachaguliwa mhariri wa kitabu cha mwaka, kile cha picha za watu wote wa shule! Shule ileile ninakopika. Nilipiga vigelegele hadi mwiko ukanitoka. Mwaka jana bawabu wa shule alitokea kitabuni na meno yote nje. Mimi? Kiwiko. Kiwiko kitupu! Bawabu akaniambia eti alikitambua kwa masizi. Jitu lile! Safari hii naingia na uso, wapende wasipende.

Nimemuuliza mjukuu kiwiko kilibakije peke yake. Akasema picha hukatwa kingo ili itoshe ukurasani. Aliye pembeni huenda na maji. Kumbe! Nami nilidhani bawabu kaniroga.

Jumanne, 4 Novemba
Nimeuliza tena, siwezi kujizuia. Kwa nini ukurasa una mahali peupe? Ili jicho lipumzike, kasema. Jicho limelima wapi? Kichwa cha habari ni maandishi makubwa ya juu. Maelezo ya picha ni madogo ya chini, yanataja watu kuanzia kushoto. Na jicho hukimbilia katikati. Katikati! Sikusoma hata darasa moja, herufi nilizidokoa kwenye madaftari ya watoto, lakini katikati naijua.

Alhamisi, 6 Novemba
Picha ya wafanyakazi. Mjukuu katupanga, kaandika majina, kisha kaitwa ofisini. Mwalimu mkuu katikati, mimi mwisho kabisa. Bawabu akanikonyeza. Damu ikachemka! Nikamnong'oneza mwalimu mkuu kuwa jua linampiga kiparani, kwangu kuna kivuli. Akahama, tena akanishukuru. Nikateleza katikati. Mpiga picha mgeni, hamjui mtu. Kacha!

Jumatatu, 10 Novemba
Mpiga picha, ambaye ndiye mchapaji, kaleta ukurasa wa majaribio ili mhariri auhakiki. Mhariri yuko darasani. Nikaupokea mimi. Uso wangu, mpana kama sinia! Maandishi ya chini madogo mno, nani ana macho hayo? Nikamwambia mpiga picha kuwa mhariri ni damu yangu, hakuna kosa, achape.

Ijumaa, 21 Novemba
Vitabu vimefika. Bawabu kanywea. Kisha akasoma chini, akaanguka kwa kicheko. Chini ya uso wangu: Mwalimu Mkuu. Pembeni, kiwiko cha suti ya bei mbaya: Mpishi.

Mjukuu kaitwa ofisini kwa mwalimu mkuu, wanataka kumvua uhariri. Nikatoka mbio na aproni yangu. Nikamwambia mwalimu mkuu kosa ni langu, na akimgusa mtoto, kesho aipikie shule nzima mwenyewe. Akakitazama kiwiko chake pale kitabuni. Akauliza kama ni kweli wa pembeni hukatwa kila mwaka. Nikamwambia karibu pembeni, bwana mkubwa. Mabega yakatikisika, akacheka! Mhariri abaki, akasema, ila mimi nibandike masahihisho kwenye kila kitabu.

Mjukuu akaniambia, bibi, ungenimaliza. Nikamkumbatia hadi akalalamika mbavu.

Jumamosi, 22 Novemba
Nabandika. Vidole vimejaa gundi. Mjukuu kanuna, lakini kaja kunisaidia. Nikamuuliza jalada hupangwaje. Kajibu kwa shingo upande kwamba jalada huwa na picha moja kubwa, bila majina chini.

Bila majina! Basi kosa litatokea wapi? Nimeshatuma salamu kwa mpiga picha.