Leson Sita za Kapita na Wakwe Waliogeuka Mugongo

Bunia, Mudzipela, tarehe 14 mwezi wa tisa 1983

Kwa Citoyen Katsuva, Munganga wa nyama za kufuga, ku biro yake

Mupenzi Citoyen Munganga,

Kisha salamu nyingi katika Bwana, ninakujulisha kama siye wote mu nyumba tuko wazima, na mbwa iko muzima kupita siye. Sindano ulimupiga mwezi uliopita ilimuingia muzuri. Leson zako sita nazo zilimuingia. Zilituingia siye wote, na ndiyo sababu niko naandika.

Niko naandika na mukono yangu mwenyewe. Nilisoma mpaka mwaka ine kwa masista, basi maandiko ikipinda, usome vilevile imepinda. Martine, binti yangu mukubwa, ndiye ananiandikiaka. Lakini toka siku ya yenga, siku ya Mungu, Martine ananijibu tu "ndiyo mama" na "hapana mama," na mutu wa namna ile huwezi kumupa kalamu.

Unakumbuka namna jambo ilianza. Kapita, mbwa yangu, alikuwa na kosa moja tu: mulango ya mbele ikifunguka sawa kidole, anaruka inje sawa muzigo iliyoanguka kwa kamyo. Aliangusha beseni ya nyanya ya mama mumoja, akafukuza baiskeli mpaka soko. Ukakuja na sindano, ukatuambia kama Leta, serikali yetu, itaua kila mbwa inayotembea peke yake mu barabara, juu ya ugonjwa ya wazimu. Nililia mbele yako. Ukanihurumia, ukaandika leson sita nyuma ya karatasi ya sindano, ukasema ulizisoma mu kitabu ya Wazungu. Mulango ifungwe siku yote. Mugeni apige hodi na angoje. Mwenye nyumba aseme "Kaa." Mbwa akisimama, mulango ifungwe tena na kuanza upya, hata mara makumi tano. Mugeni ageuke mugongo, asiseme kitu, asiangalie mbwa mu macho. Mbwa akikaa, apewe kitu kitamu.

Asante sana. Nafikiri kitabu ile iliandikwa na mutu asiyekuwa na jirani.

Sasa malalamiko yangu, na heshima yote:

1. Mulango kufungwa muchana. Weye ni mutu wa hapa, unajua: mu avenue yetu mulango ikifungwa muchana, ao kuko maiti ndani, ao kuko nyama mu chungu. Siku ya kwanza watu walifikiri nyama, wakakuja wengi. Siku ya pili walifikiri maiti. Jirani yangu Mama Emérance alianza kulia toka kule ku bomba ya maji. Alipofika kwangu sauti ilikuwa imekwisha kukauka. Nilipofungua niko muzima, na Baba Martine muzima nyuma yangu, alinikasirikia sana. Alisema amelia bure, na kikwembe yake imejaa udongo. Mpaka leo ananisalimia sawa mutu anayengoja nife muzuri, kwa mupango.

2. Kitu kitamu. Hukuandika ni kitu gani. Nilijaribu muhogo, Kapita akaangalia pembeni. Nilijaribu samaki ya chumvi ya Kasenyi, akakaa hata sijamaliza kusema. Basi ni samaki. Baba Martine anatokaka ku kazi na mavumbi mpaka mu masikio, anakuta sombe, majani ya muhogo, peke yake mu sahani na samaki mu kinywa ya mbwa. Siku ya tatu alikaa chini karibu na mulango, na kofia yake mu kichwa, akaniangalia. Akasema, "Mama Martine, mu nyumba hii naona anayefanya kazi anakula majani, anayekaa anakula samaki." Nilimupa. Ningefanya nini? Alikuwa amekaa muzuri kupita mbwa.

3. Mugeni asiseme kitu. Pasta Alphonse alikuja kutuombea. Nilimuambia toka ndani, kwa adabu, ageuke mugongo na anyamaze. Pasta, anyamaze! Alijaribu kidogo, masikini. Kisha akaanza kuomba na sauti kubwa, uso yake ku barabara. Watu waliokuwa wanatoka ku salongo, kazi ya lazima ya Leta, na majembe wakafikiri ni mahubiri, wakasimama. Nilipofungua, Kapita alikuwa amekaa sawa shemasi, lakini inje kulikuwa watu kumi na saba, na wawili walikuwa wamekwisha kutubu. Wote walikunywa chai yangu. Hiyo mu karatasi yako haiko.

4. Sasa nafika ku ile inayoniumiza. Siku ya yenga, kisha kanisa, wakwe walikuja. Nasema wakwe, lakini leo sijui niwaite namna gani. Hubert, kijana anayefundisha ku masomo ya watoto, anapenda Martine wangu toka miaka mbili. Alikuja na baba yake mudogo na shangazi yake, Mama Kanyere. Wazee wale walitoka Butembo, siku mbili juu ya kamyo, na kuku mweupe mu kitunga, kwa hodi ya posa.

Hodi ya posa si hodi ya kuomba chumvi, Citoyen. Inapigwa mara tatu. Mama ya binti anapashwa kufungua mulango yote, hata kama sombe inaungua ku moto. Hodi ya tatu ikipita na hajafungua, jibu ni hapana, na watu wenye adabu hawaulizi sababu.

Miye nilifuata leson. Nilifungua sawa kidole, nikasema "Kaa." Kapita akasimama. Nikafunga. Nikafungua, "Kaa." Akasimama. Nikafunga. Mara kumi na moja! Wakwe walikuwa wanaona pua yangu, kisha wanaona mbao. Pua, kisha mbao. Mbwa aliyekaa mbele ya Pasta, siku ile alisahau kila kitu, sijui shetani gani alimuingia. Martine alikuwa nyuma yangu na kikwembe yake mupya, anasema, "Mama, fungua tu. Akitoka, atoke!" Nikamuambia leson ni leson, Leta itaua mbwa. Mvua ikaanza kunyesha. Na Hubert, kwa sababu Martine alimufundisha karatasi yako, akaambia wazee wake wageuke mugongo, mbwa atakaa. Wakageuka.

Nakuuliza, weye uliyesoma: mutu akishageuka mugongo ku nyumba yako, na mvua iko inamupiga, inabaki nini tena? Inabaki kutembea. Nilipofungua mulango yote, niliona migongo tatu kule mbali. Aliyekuwa ananiangalia ni kuku, toka mu kitunga.

5. Kamyo yao ya kurudi Butembo itatoka kisha siku ya yenga inayokuja. Mama Kanyere akipanda na jibu ile mu moyo, basi imekwisha, na Martine wangu atanijibu "ndiyo mama" mpaka nizeeke.

Kwa hiyo naomba kwako vitu vidogo tu, bila kukusumbua.

Kwanza, uandike karatasi na kashe, muhuri ya Leta, kama mulango yetu ilifungwa kwa amri ya munganga na si kwa roho mubaya. Wakikataa karatasi, uende weye mwenyewe na Kapita pale wanalala, ugeuke mugongo mbele ya mulango yao, unyamaze mu mvua mpaka wafungue, waone kama si matusi, ni masomo. Wakikataa hata vile, ufundishe avenue yote leson sita, mutu kwa mutu, kuanza na Mama Emérance, na kisha Butembo muzima, maana wakwe wengi wanatokea kule. Na yote ikishindikana, Citoyen, nimesikia uko na vijana watatu. Mumoja atapashwa kuoa Martine, kwani ni leson zako ndizo zilifukuza muchumba wake. Uwalete siku ya posho, kesho yake ni yenga. Nitawaangalia meno, namna weye uliangalia ya Kapita.

Unisalimie bibi yako, na watoto wote, zaidi yule murefu. Unisalimie wenzako ku biro, ng'ombe za Leta, na sindano yako. Baba Martine anakusalimia. Mama Emérance hakusalimii. Kapita anakusalimia, amekaa.

Ni miye anayekuheshimu na kukukasirikia pamoja,

Kaswera, Mama Martine

P.S. Citoyen, nimesoma barua hii mara mbili na namba ine ni uongo. Kapita hakusimama. Alikaa palepale, mara ya kwanza, na mara zote kumi na moja alikuwa amekaa, macho yake kwangu, anangoja samaki. Ni mukono yangu ilikuwa inafunga. Nilisikia sauti ya watu wa Butembo nikajua kama mulango hii ikifunguka, atakayetoka si mbwa. Basi nikasema "Kaa," nikasema tena "Kaa," na mutoto alikuwa nyuma yangu, haoni mbwa, na kikwembe yake mupya. Leson zako hazina kosa. Karatasi ya kashe, acha. Vijana wako, wabaki nyumbani.

Barua hii Martine ndiye atakuletea. Bahasha sikuifunga, kwa makusudi, asome mu njia, kwani mu macho siwezi kumuambia. Akikufikia analia, umupe kiti, kisha umutume apite kwa Mama Kanyere, amuambie mama yake anaomba musamaha, warudi siku ya yenga. Nitafungua ku hodi ya kwanza.

Weye nawe ukuje mapema, na kamba. Si ya Kapita, ni ya mukono yangu. Kapita atakaa.