Mweupe Huyu ni Jike

Wewe uliyeokota daftari hili, nakuomba ulifunge. Kama huwezi, basi soma peke yako, na usimwambie mtu. Hasa mtu wa kanisa la Mama Ndila. Hasa Kanyi. Nina kazi ninayoweza kuipoteza. Nina jambo jingine pia, lakini hilo utalifikia mwenyewe.

Jumatatu, 3 Machi 2025. Tawa.

Wiki imeanza vibaya. Madam Roselyne, meneja wetu hapa chama cha ushirika cha ndengu, ametangaza kwamba ghala la Kyuso linataka karani kabla ya Pasaka. Makarani tuko wawili, mimi na Kanyi. Karani wa mwisho aliyepelekwa Kyuso alirudi amekonda, na ukimuuliza kulikuwaje, anakuuliza kama umekula. Sitaki kwenda Kyuso.

Saa ya chai Madam alisema sebule yake ina mapazia meupe na viti vyeupe, na sasa anatafuta ndege mweupe. Kabla sijafikiri, mdomo wangu ulishasema ninaye. Kanyi akaniuliza mbele ya wote ni lini kasuku wawili wa buluu walizaa mweupe. Akasema labda ninawafua. Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, kwa uangalifu.

Lakini ninaye kweli. Mpango ni rahisi. Ndege kwa Madam, Kyuso kwa Kanyi.

Jumanne, 4 Machi

Niandike habari za hawa ndege, nisije nikajichanganya.

Kasuku hawa wadogo walikuwa wa marehemu mwalimu Mbuvi, mume wa Mama Ndila, mwenye nyumba wangu. Alipofariki, dume liliendelea kusema "Ndila, chai" kwa sauti yake, hata namna yake ya kukohoa kwanza. Mama Ndila hakuweza kukaa nalo. Nilipopanga chumba cha nyuma, alinipa kitundu pamoja na ufunguo. Hata hivyo, akipita mlangoni kwangu na dume likasema, huwa anaenda jikoni bila neno. Ninapata chai nyingi sana.

Sasa dume na jike wana makinda matatu, wameanza kula mawele wenyewe. Mawili ya buluu. La tatu jeupe kama chumvi, macho mekundu. Kanyi hajui kitu. Weupe huu dume anaweza kuubeba na kuuficha, abaki na rangi ya buluu maisha yake yote. Jike hana mahali pa kuuficha. Akiwa nao, utauona. Kwa hiyo baba buluu na mama buluu wanaweza kupata mtoto mweupe, ila mweupe huyo lazima awe jike. Sikubahatisha, ni hesabu.

Nimelala vizuri.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa. Mama Ndila ameliona.

Alikuja na wanawake wawili wa kwaya yao kunionyesha namna ya kufunga bomba. Akalitazama kinda jeupe muda mrefu. Akasema marehemu alikuwa na mvi nyeupe namna hii tangu ujana. Binti yake amezaa wasichana watupu, na jina la marehemu halijarudi kwa mjukuu yeyote. Basi akasema, huyu ni Mbuvi. Wale wanawake wakaitikia. Chai ikanywewa.

Nilijaribu kusema, kwa heshima, kwamba ni ndege. Aliniambia, karani, mimi naona kwamba ni ndege, nina macho.

Jina likishatolewa na wanawake na chai ikanywewa, hakuna wa kulirudisha. Hata mimi niliyesoma najua hivyo. Nitamfungaje mume wa mtu kwenye boksi nimpelekee Madam?

Na nikakaa kimya juu ya lile neno jike. Niliogopa.

Ijumaa, 7 Machi

Mpango mpya. Nilichukua kinda moja la buluu, nikalipaka unga wa mahindi uliochujwa mara mbili. Likawa jeupe, hasa ukisimama mbali. Nikalipeleka ofisini.

Madam alikuwa amevaa nguo nyeusi, anaelekea kwenye kamati ya mazishi. Alisimama karibu. Kinda likajikung'uta.

Kanyi aliniuliza kama chapati zitakuwa tayari saa nne.

Madam alijipangusa bila kunitazama. Akasema ananipa hadi Jumanne, na asiponiona na ndege wa kweli nianze kufunga mizigo.

Jumamosi, 8 Machi

Sijui niandikeje hili.

Mchana nilikuwa nasafisha kitundu. Radio imezimwa, nimehakikisha. Kinda jeupe lilikuja kwenye waya, likainamisha kichwa upande mmoja, kama mzee anayetega sikio. Likasema, "Nuu?"

Ndivyo tunavyouliza kwa Kikamba, nani? Lakini si kwa sauti ya baba yake. Ilikuwa sauti ya mwanamke, kavu, ya mtu mzima sana.

Kisha hodi ikapigwa. Alikuwa Mama Ndila na kikombe. Kinda liliuliza kabla yake. Kabla hata ya nyayo zake.

Kinda la umri huu halisemi. Jike huwa halisemi kabisa, au kwa shida. Na hakuna aliyelifundisha. Nimesoma tena kila nilicho nacho kuhusu kasuku. Hakuna ukurasa unaonisaidia.

Jumapili, 9 Machi

Nimeamua kutumia ukweli. Huwa nauacha uwe wa mwisho.

Baada ya ibada nilimkalisha Mama Ndila. Nikamwambia, Mwaitu, mama, nisamehe, lakini huyu hawezi kuwa Mzee. Huyu ni jike. Nikamchorea. Herufi za baba, herufi za mama, mishale. Alifuata kidole changu vizuri kuliko Madam anavyofuata hesabu za ndengu. Nilitegemea aseme, basi si Mbuvi, mchukue.

Aliutazama tena mchoro. Akauliza kama nina hakika ni mwanamke. Nikasema hakika kabisa. Akauliza kama amewahi kusema neno.

Nikamwambia neno lenyewe.

Aliweka kikombe chini polepole. Akasema huyo si Mbuvi. Huyo ni mama yake, Kalunde. Mama mkwe wangu. Alipopofuka macho alikuwa akikaa ndani akiuliza "Nuu?" kabla hujafika mlangoni, na hakukosea hata siku moja. Alifariki kabla hata Mbuvi hajanunua ndege wa kwanza. Aliniambia atarudi kuona kama naweka nyumba safi.

Mara akasimama, akaanza kufagia. Chumba changu. Chini ya kitanda na yote. Huku anafagia akaniomba, mwanangu, mpeleke mbali. Kwa adabu. Usimwambie ni mimi niliyesema.

Hesabu imeniokoa.

Jumanne, 11 Machi

Ushindi. Madam amelipokea kinda, amelisifu, akasema mtu wa kuhesabu rangi za ndege ni mtu wa makao makuu. Kyuso ataenda Kanyi. Nilimpa pole na kumshauri anunue kofia ya jua. Aliuliza bei.

Sikumwambia Madam kuhusu lile neno. Yeye ni mtu wa Murang'a, hajui Kikamba. Itakuwa kelele tu kwake.

Ijumaa, 14 Machi

Si kelele.

Mlinzi wake, Kilonzo, alimweleza maana. Mwanzoni Madam alifurahi. "Nuu?" halafu muuza maziwa. "Nuu?" halafu shemeji yake. Alisema ni bora kuliko kengele.

Jana jioni ndege aliuliza, na Madam akangoja hodi. Hakuna hodi. Akafungua mlango. Hakuna mtu. Aliporudi, ndege alikuwa anageuza kichwa, polepole, kutoka mlangoni, kupita meza, hadi kwenye kiti cha marehemu mume wake. Kisha akatulia. Madam alinieleza kwa sauti ndogo sana. Akasema alitulia kama mtu aliyejibiwa.

Amehamia kwa dada yake. Kitundu kilikuwa mezani kwangu nilipofika kazini, na juu yake barua ya uhamisho. Kanyi aliisoma kabla yangu. Akanikabidhi kofia. Aliinunua kweli.

Jumapili, 23 Machi. Kyuso.

Joto. Ghala. Ndengu. Nimeanza kukonda.

Mama Ndila alinisindikiza kwa maombi, akabaki na dume lake la buluu. Amelirudisha sebuleni. Anasema afadhali chai.

Lakini nimefikiri. Nilikuja na yule ndugu wa buluu wa kinda jeupe, yule wa unga. Nadhani ni dume. Kama ni dume, kuna nusu ya uwezekano kwamba amebeba weupe wa baba yake. Nikimweka na huyu mweupe, wakikomaa, watapatikana weupe wa kike na wa kiume pia. Mweupe wa kiume! Mbuvi halisi, wa Mama Ndila. Nimeshampigia simu kumwahidi, alilia. Mwingine nimemwahidi msimamizi wa ghala. Mwingine nimemwandikia Madam, kumaliza ugomvi, na nirudi Tawa kabla ya mavuno. Safari hii nimepiga hesabu vizuri.

Wewe uliyesoma hadi hapa, basi wewe ni mwenzangu. Ukitaka kinda, agiza mapema. Kunipata, njoo Kyuso sokoni, uliza ghala la ushirika. Usitaje jina langu, Nthiwa, hapa wananiita karani wa ndege. Zunguka nyuma, mlango wa bati wa kijani. Usibishe hodi. Simama tu. Utaulizwa. Jibu jina lako, lako mwenyewe, kwa sauti, ndipo uingie.

Ndani kuna kiti kimoja. Mimi siku hizi hukaa kitandani. Na wewe kaa kitandani.