Sinia la Muziki la Kitwana

Kitwana aliliona kwenye meza ya vitu vibovu pale Msimbazi, limelaliana na pasi isiyo na waya: kontrola ya DJ ya kuchanganyia nyimbo, nayo haina waya, ila hii ilitengenezwa hivyo makusudi. Duara kama sinia la pilau. Ukiiwasha, taa za buluu na nyekundu zinazunguka. Ukiigusa, hakuna kinachotokea. Mwenye meza alimwachia kwa bei ya chipsi mayai, akamwongezea na betri, kama mtu anayemsindikiza mgeni asitamani kurudi.

Mtu mwingine angeona taa ya chumbani. Kitwana aliona laki nne.

Kesho yake akaazima kona ya kibaraza cha duka Kariakoo, akaweka spika na kibao cha OFA. Kazi yenyewe akamwachia Salma, binti aliyekuwa akimsaidia biashara zake. Salma alikaa ng'ambo ya njia juu ya ndoo iliyopinduliwa, akijifanya anauza makava ya simu, macho kwenye mikono ya Kitwana. Kitwana akizungusha sinia, Salma anabadilisha wimbo kwenye simu yake, spika inaitika. Mshahara wake ulikuwa chipsi kavu. Sifa zote zilikuwa za Kitwana, ndivyo makampuni makubwa yanavyoendeshwa.

Mara akatokea Bi Kuruthumu wa Buguruni, jasho linamtiririka, shida yake akaitangaza kabla hajaulizwa: singo ya mpwa wake, ile shughuli ya kumsugua bi harusi, ni alasiri hii, na DJ kazima simu.

"Shikamoo, mama'angu!"

"Marahaba. Hiki nini, sinia?"

"Mama, hii ndiyo habari ya mjini. Dukani milioni na nusu. Kwako laki nne, maana umekuja na baraka zako."

"Sifa za nini? Ipige niisikie."

Kitwana akazungusha. Taarabu ikayeyuka ikawa singeli, wapita njia wakaanza kutikisa mabega. Bi Kuruthumu akamshika mikono yote miwili ili wapatane bei kiungwana. Wakiwa wameshikana hivyo, singeli ikarudi kuwa taarabu, laini kama mafuta ya nazi.

"Mbona imejibadilisha?"

"Otomatiki hiyo, mama. Imeshakuzoea."

Bi Kuruthumu akatazama spika, akatazama ng'ambo ya njia, akatabasamu kama mtu aliyekumbuka alikoweka funguo.

"Naichukua. Ila nalipa baada ya singo, ikishapiga mbele ya macho yangu."

"Hamna shida, nakuja kuipiga mwenyewe."

"Wewe? Wanawake tumejifunga kanga kifuani, mwari anasuguliwa, uingie na ndevu zako? Una wazimu?"

Kitwana alikuwa amesahau kabisa kwamba singo ni ya wanawake. Lakini ulimi wake haujawahi kukosa pa kutokea. "Ninaye mtaalamu wa kike. Fundi Salma!"

Fundi akavuka njia na ndoo yake. Kitwana akamvuta pembeni. "Simu iweke ndani ya kanga, sinia uwe unalipapasa tu. Hela ikitoka nakununulia kuku."

"Mzima?"

"Robo."

Waliporudi, Bi Kuruthumu alikuwa ameshalifunga sinia kwenye kanga. Akalibeba mwenyewe mpaka Buguruni, Salma nyuma yake na spika.

Alasiri Kitwana alikaa nje ya ua na wanaume wanaopika pilau. Ndani vigelegele vilikuwa havikatiki, hata vifuniko vya masufuria vilicheza.

"Unasikia?" akamwambia mpishi. "Mashine yangu hiyo."

"Hongera. Nilidhani ni mtu."

Mwisho Bi Kuruthumu akatoka, sinia mkononi. "Sichukui."

"Mama! Si wamecheza nyumba nzima?"

"Wamecheza haswa." Akafungua fundo la kanga, akamwekea betri kiganjani. "Nilizichomoa kule kule Kariakoo, ulipokuwa unamnong'oneza binti. Sinia halijawaka tangu hapo, na muziki haujasimama. Nikajua cha kuchukua ni kipi."

Kitwana akalipokea sinia.

"Basi niitie Salma wangu tuondoke."

"Salma wako nani? Kuanzia leo shughuli zangu zote anapiga yeye."

Salma akachungulia mlangoni, noti za kutunzwa zimemjaa kwenye nywele. "Shikamoo, kaka Kitwana." Tangu wajuane hakuwahi kumwamkia hivyo. "Yale makava nimekuachia. Na ndoo. Ofa."

Mlango ukafungwa. Wimbo mpya ukaingia, mtamu kuliko yote iliyotangulia.

Kitwana alibaki amesimama, betri mkono huu, sinia mkono ule. Mpishi, aliyekuwa amepungukiwa vyombo, akamgusa bega.

"Ndugu, hilo sinia lako lina kazi?"

Akalipangusa, akapakua pilau, akaweka na kachumbari, wanaume wanne wakalizunguka. Hawakuona hitilafu yoyote.