Jipu Langu Lapata Miguu Mipya

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya kihistoria! Mkurugenzi wetu wa ofisi ya upimaji ardhi ametangaza kwamba nafasi ya mkuu wa kazi za nje iko wazi. Tena Jumatano ijayo, tarehe kumi na mbili, anakwenda kukagua viwanja vipya ng'ambo ya bonde, na gari la ofisi ni bovu. Akauliza nani ana gari la kuaminika. Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza sentensi. Miaka tisa niko chumba cha kumbukumbu napanga mafaili. Mapafu yangu yana vumbi la wilaya nzima.

Kalamu Mbili naye akanyoosha. Huyu ni mwenzangu wa meza ya pili, huchomeka kalamu mbili mfukoni kana kwamba moja ikifa nyingine itazika. Ana kigari cha chinichini, ukikaa ndani magoti yanagusa kidevu. Nilicheka. Kimoyomoyo, mimi ni mtu wa adabu.

Mimi nina jipu, gari refu la njia mbovu. Mke wangu, mwalimu wa hesabu, hupenda kunikumbusha kwamba neno hilo lina maana mbili na zote zinauma. Kweli, tangu nilinunue halijatoka kwenye lami, isipokuwa siku niliyoliegesha kwenye majani harusini. Lakini matope ya bondeni linayaweza! Kinachokosekana ni matairi tu. Haya yaliyopo ni ya mtu anayekwenda kununua mkate.

Jumanne, 4 Machi

Gereji. Fundi wangu tunamwita Taratibu, na jina halikumwonea. Akapima, akachuchumaa, akanywa maji, akapima tena. Akasema niongeze saizi moja tu. Zaidi ya hapo matairi yatakwaruza bodi, gari litakuwa zito kushika breki, gia zitachoka. Nikamwambia nimeangalia video. Akasema yeye ameangalia magari, miaka ishirini na saba.

Wivu wa kitaalamu.

Nikachagua makubwa kuliko yote dukani. Meno kama ya mamba! Taratibu akachana kipande cha boksi, akaandika "Nimemwonya," akaniambia nitie sahihi. Nikatia. Sahihi yangu ilipendeza sana.

Nimerudi nyumbani nikitazama mapaa ya watu. Kasoro moja ndogo: nikikata kona kwenda kushoto, tairi linasugua bodi. Kwaruuu! Si neno. Nimechora njia ya kwenda kazini kwa kukata kulia peke yake. Dakika arobaini zaidi. Mandhari ni nzuri.

Alhamisi, 6 Machi

Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, ana kliniki ya magoti kila Alhamisi. Amelitazama jipu kwa muda mrefu. Ameuliza kama kuna ngazi au atasubiri mafuriko.

Nikaleta kigoda cha bafuni. Mimi nikavuta, mke wangu akasukuma. Akapanda! Ila tulipofika hospitali akakataa kushuka. Alisema safari ya aina hii mtu haendi mara mbili kwa siku. Mtaalamu wa viungo ikabidi atoke nje, amnyooshe magoti mlangoni mwa gari, wagonjwa wengine wakitazama kama mpira. Mama mkwe akawaambia wote, kwa sauti ya kusikika hadi dirisha la dawa: "Mkwe wangu ni mtu mzuri, basi tu."

Nilimwuliza mke wangu mama yake alimaanisha nini kwa "basi tu." Akasema alikuwa anafupisha.

Ijumaa, 7 Machi

Maegesho ya ofisi yako chini ya jengo. Kuna bomba linapita juu ya lango. Miaka yote nimepita chini yake bila hata kulisalimu. Leo limenisalimu lenyewe. Keria la juu lilinasa, nyuma yangu magari kumi na moja yakipiga honi.

Mlinzi akashauri nipunguze upepo. Nikapunguza matairi yote manne, nikapita kwa unyenyekevu. Jioni nikatoka vilevile, nimelala chini kama jongoo. Hapo akatokea Kalamu Mbili na pampu yake ya mguu. Akavua koti, akanijazia tairi moja baada ya jingine, jasho linamtoka, huku akiniuliza habari za mama mkwe. Matairi manne! Hakulalamika hata mara moja.

Nimemwelewa. Anataka kulijua gari langu ili anipige chini. Mjanja sana yule.

Jumamosi, 8 Machi

Trafiki amenisimamisha. Akasema nimezidisha mwendo. Nikamwonyesha mshale: hamsini kamili, nilikuwa nautazama kwa upendo. Yeye kifaa chake kinasema hamsini na sita. Nikamweleza kwa heshima kwamba kifaa chake ni kibovu.

Mke wangu, aliyekaa pembeni, akainama kwenye dirisha. Akamwuliza trafiki kama ana karatasi. Akamchorea duara dogo na duara kubwa. Akaeleza kwamba tairi kubwa likizunguka mara moja linakwenda mbali zaidi, lakini mshale bado unahesabu tairi la zamani. Akapiga hesabu. Jibu: hamsini na sita. Trafiki akafurahi mno. Akauliza kama anafundisha masomo ya ziada, mtoto wake ana shida na sehemu.

Nikalipishwa faini na shahidi wangu mwenyewe.  Kona ya kushoto nayo ikanizomea: kwaruuu!

Jumatatu, 10 Machi

Keshokutwa ndiyo safari, na mkurugenzi amechagua kupanda jipu langu. Siwezi kumpeleka mkurugenzi mahali kwa kukata kulia tu, ataanza kuhisi kitu. Nimemwomba Taratibu akate kidogo madigadi, yale mabati ya juu ya matairi. Amekataa. Amesema yeye si daktari wa kukata mguu ili kiatu kiingie.

Basi nimekata mwenyewe, kwa msumeno wa chuma. Kingo zimebaki na meno meno, lakini nani anaangalia huko ndani? Kwaruuu imekwisha kabisa! Badala yake, nikikata kushoto, honi inalia yenyewe. Nadhani nimegusa waya. Afadhali. Honi ni usalama.

Jumatano, 12 Machi



Mkurugenzi alipanda kwa kigoda. Mwanzo mzuri. Kona ya kwanza ya kushoto nikampigia honi bibi mmoja mwenye kapu. Ya pili, msafara wa mazishi. Mkurugenzi akaniuliza nina haraka ya nini. Nikasema ni bidii ya kazi. Mlimani gari likakosa pumzi. Tukapitwa na baiskeli, na mwenye baiskeli akatupungia. Nyuma yetu Kalamu Mbili anatufuata polepole na kigari chake, amebeba vifaa vya kupimia.

Njia panda ya bondeni, nikakata kushoto. Honi, halafu pwaaa! Ule ukingo wa madigadi ulikuwa umelichana tairi ubavuni. Nikasema msijali, nina tairi la akiba. Nikalitoa. Dogo! Lile la zamani. Nililiweka kando ya kubwa, likaonekana kama mtoto aliyepotea sokoni.

Mkurugenzi akashuka, kigoda nikamshikia. Nikamwonya kwa uchungu: mbele kuna matope, kile kigari hakifiki popote. Kalamu Mbili akakohoa. Akasema kwa upole, kama mtu anayetoa habari ya msiba, kwamba barabara imewekwa lami tangu mwezi uliopita. Nikabisha. Mkurugenzi akafungua faili alilokuwa nalo. Taarifa ya lami ilikuwamo. Imepokelewa chumba cha kumbukumbu. Sahihi iliyopendeza sana: yangu.

Wakaondoka, laini kabisa, hata vumbi hawakutimua. Mimi nikakaa kwenye kigoda kando ya lami mpya nikimsubiri Taratibu. Nilikuwa nimeitaka ile kazi. Kusema kweli, niliitaka sana.

Ijumaa, 14 Machi

Kalamu Mbili ndiye mkuu wa kazi za nje. Amepewa ofisi yenye dirisha. Jipu limerudishiwa matairi yake ya mkate, na mama mkwe leo amepanda peke yake, akaufunga mlango kwa nguvu ili nisikie.

Mchana mkuu mpya akaniita. Nilijiandaa kwa kejeli. Akasema anahitaji mtu anayejua mafaili yote ya viwanja, atoke naye nje siku tatu kwa wiki, na mtu huyo ni mimi.  Macho yaliniwasha, vumbi bila shaka. Mke wangu amenikumbatia jikoni, akanishika mashavu, akaniapisha: hakuna tena kuchezea magari. Nimeapa kwa dhati. Nimejifunza. Mtu mzima huridhika na kitu kama kilivyotoka kiwandani.

Kwa kazi hiyo nimekabidhiwa pikipiki ya ofisi. Nimeizunguka mara tatu uani. Safi, inawaka kwa pigo moja, haina hata mkwaruzo. Ina kasoro moja tu: tairi la nyuma jembamba mno. Nimeshalipima kwa kamba. Na pikipiki si gari.