Ubeti Mmoja, Nchi Mbili

Jumamosi, 20 Desemba
Ushindi! Baada ya miaka kumi na moja ya kusimama mstari wa nyuma wa kwaya, sauti ya nne, Mwalimu Kefa amenipa ubeti wa pili. Peke yangu! Wimbo kautunga mwenyewe, mpya kabisa: "Ng'ombe Walikuwa wa Kwanza". Tutauimba Krismasi, ibada ya saa nne, hapa Tunduma. Jairo kawekwa akiba, eti nikipata dharura. Jairo huyo huyo anayekohoa kila nikifungua mdomo. Asante Mungu. Dharura sitapata.

Jumatatu, 22 Desemba
Mama mkwe kapiga simu kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Mke wangu Rozi alishamweleza habari za ubeti, nami nikaongeza chumvi kidogo. Sasa anataka nikauimbe kanisani kwake, Krismasi hiyo hiyo, ibada ya saa tatu. Tangu nimuoe binti yake hajawahi kuniomba kitu zaidi ya kunyamaza. Nimekubali kabla hajamaliza kusema.

Jumanne, 23 Desemba
Nimepiga hesabu. Nakonde saa tatu, Tunduma saa nne: katikati saa nzima. Tena Zambia wako nyuma yetu kwa saa moja. Jumla saa mbili! Muda wa kuimba, kula na kuvuka kwa miguu. Rozi akauliza kama nina hakika hiyo saa ni ya kujumlisha na si ya kutoa. Nikamjibu kwamba mtu aliyezaliwa mpakani hafundishwi saa. Mwalimu Kefa sijamwambia. Ana presha.

Alhamisi, 25 Desemba
Nakonde: sijawahi kuimba vile! Wakataka tena. Na tena. Mara ya nne nilikuwa juu ya benchi. Mama mkwe akalia, akanipa jogoo, akaniita mwanangu. Mwanangu! Miaka tisa nilikuwa "huyo". Namshukuru Mungu kwa neno hilo moja.

Nikavuka kwa madaha. Simu ilisema saa nne na nusu; kwa hesabu yangu Tunduma ni saa tatu na nusu, muda tele. Upande wetu nikamuuliza bodaboda. Saa tano na nusu! Nikambishia. Akanionyesha simu yake. Kumbe saa tatu yao ndiyo saa nne yetu. Ibada zote mbili zilianza dakika ile ile! Nikakimbia na jogoo.

Kanisani wote wamefumba macho. Mchungaji anamwombea ndugu Ezron aliyeshikwa na tumbo la ghafla. Ezron ni mimi! Jairo alikuwa ameimba ubeti wangu, na alipoona Mwalimu Kefa anafura kwa hasira, akanitetea kwa kusema naumwa. Jogoo akawika. Macho yakafumbuka. Vigelegele! Maombi yamejibiwa papo hapo! Mchungaji akaagiza wimbo urudiwe kwa shukrani, na ubeti wa pili niimbe mimi.

Sauti ilikuwa imebaki Nakonde. Nikatoa mlio wa bawaba isiyo na mafuta. Ndipo nikamsikia Jairo nyuma yangu, taratibu, akinishikilia neno kwa neno mpaka mwisho. Hakukohoa hata mara moja. Nimelia, na hapa siandiki kwa utani. Jogoo nimempa yeye.

Jumapili, 28 Desemba
Nimemwambia Mwalimu Kefa ukweli wote. Kanirudisha mstari wa nyuma, karibu na Jairo. Sijawahi kuishukuru adhabu hivi. Nimetubu pia: sitaahidi tena kuimba sehemu mbili zenye saa tofauti.

Baada ya ibada mama Fausta kanifuata. Anataka "yule aliyeponywa" aimbe kwenye harusi ya mwanawe huko Isongole, Jumamosi ya tarehe kumi Januari. Mara mzee Andongwisye naye: ana harusi Mkwajuni, tarehe hiyo hiyo. Zote saa tano asubuhi. Watu wananipenda, Mungu ni mwema! Nimekubali zote mbili. Isongole na Mkwajuni ziko Tanzania, saa yao ni moja, hakuna cha kunichanganya.