Vita vya Matundu Sita, Jumapili ya Grotensiel

Sogeeni, enyi wenye viti na enyi msio na viti. Aliyeshika kikombe akiweke chini, aliyeshika simu aizime, na aliyefuata habari za wafalme na majeshi aende zake kwa salama, maana leo hatuna mfalme wala jeshi. Tuna gitaa. Tena gitaa la mtumba, jekundu, lenye kovu tumboni, lililookotwa kwenye blanketi la mwuzaji mmoja sokoni Leer kati ya birika bovu na viatu vya kuteleza kwenye barafu. Mimi Harm, mpiga ngoma wa kundi la muziki la Kunguru wa Tuta, nilikuwepo, nilishika nilipoambiwa nishike, nilifagia vumbi la mbao kwa mikono yangu hii. Na atakayesema nimetia chumvi, basi na aje apike yeye.

Sikizani nawambia
vita vilivyotukia
nyuzi sita zikalia
Jumapili ya amani.

Alikuwepo katika nchi ya Frisia ya Mashariki, katika kijiji cha Grotensiel, mwanamke shujaa, Wiebke Habben, dereva wa basi la shule, mshika usukani asiyetetereka, mpita-ukungu, mnyamazisha-watoto kwa jicho moja la kiooni. Umri wake miaka hamsini na minane, na gitaa alilianza akiwa na hamsini na tatu, umri ambao wenzake walikuwa wanaanza kulalamikia magoti. Alilipenda lile jekundu kupita kiasi. Lakini lile jekundu, jamani, lilikuwa na laana mbili.

Laana ya kwanza ilikuwa kuvuma. Zile sumaku zilizovishwa waya mwembamba, zinazokaa chini ya nyuzi kusikiliza, ambazo mafundi huziita pikapu, zilikuwa kuukuu na za ovyo, hata gitaa likavuma muda wote lilipowashwa, lipigwe lisipigwe. Laana ya pili ilikuwa ufunguo wa kukazia uzi wa tatu, ambao meno yake yalikuwa yamelika, basi uzi ukikazwa hapa unalegea pale. Mwezi wa Mei, gari jipya la zimamoto lilipokuwa linabarikiwa, mchungaji alifumba macho kuomba, akasikia mvumo, akafumbua macho, na waumini wote wakainama kutafuta nyigu chini ya mabenchi. Nyigu hakupatikana. Alipatikana Wiebke, mwekundu kuliko gitaa lake.

Hapo ndipo kiongozi wetu Onno Freesemann, mwalimu wa hesabu mstaafu na mwimbaji wa sauti nene, alipotoa hukumu. Alisema kwa upole, na upole wake ndio mbaya, kwamba sikukuu ya wazimamoto itakuwa Jumapili ya pili ya Agosti, saa kumi alasiri, na gitaa likivuma tena au likipotoka sauti katikati ya wimbo, nafasi ya Wiebke ataichukua Keno, mkwe wake Onno, kijana mwenye gitaa jipya na nywele nyingi. Wiebke alikwenda nyumbani akaagiza pikapu mpya, daraja jipya la kulalia nyuzi, na funguo sita mpya zinazong'aa.

Kifurushi kilifika Jumamosi ya mkesha wa sikukuu, yeye akiwa safarini na basi lililokodiwa. Na desturi ya kwetu mnaijua: usipokuwepo, mzigo wako anapokea jirani. Jirani wa Wiebke alikuwa nani? Alikuwa Menno Tjarks, mzee wa miaka sabini na tisa, fundi wa ngazi za mbao aliyestaafu, mlinzi wa utulivu, msimamizi wa sheria za mtaa, mwandishi wa barua kumi na moja kwa Wiebke peke yake: nne kuhusu pipa la taka, saba kuhusu kelele. Jumamosi jioni mtu hamgongei Tjarks. Ikabidi mzigo ungoje mpaka Jumapili baada ya ibada, nao ukakabidhiwa mlangoni saa tano, kwa mkono ulionyooka.

Saa tano na robo tulikuwa mezani jikoni, mimi na Wiebke, na lile jekundu limelala chali likiwa limefunguliwa, waya zake nje. Nikamwona shujaa akishika chuma cha kulehemia kama mtu aliyezaliwa nacho. Risasi ikayeyuka, moshi ukapanda, pikapu kuukuu zikang'oka na mpya zikaingia mahali pao. Waya mweusi kwa mweusi, mwekundu kwa mwekundu, na ule wa ardhi, ambao wazembe huusahau, aliulehemu mara mbili. Daraja likakaa kwa skrubu nne bila ubishi. Kufika saa saba kasoro tulikuwa tunacheka, na mimi nilikuwa nimeshakula nusu ya keki iliyotengwa kwa ajili ya sikukuu.

Ndipo adui alipojitokeza. Funguo mpya zilikuwa nene. Matundu ya kichwani mwa gitaa yalikuwa membamba. Tofauti yenyewe milimita mbili, lakini mbao haijui huruma. Hata tungesukuma hadi Pasaka, funguo zisingeingia. Na zile kuukuu kuzirudisha ni kurudisha laana ya meno.

Nikasema tutoboe kwa drili ya umeme, dakika tano kwisha kazi. Wiebke akanitazama, nami nikakumbuka siku. Jumapili, ndugu zangu! Jumapili kwetu hutoboi, hufyeki majani, hutupi hata chupa kwenye pipa la chupa. Mtu anaweza kumkosea mkewe akasamehewa, lakini drili ya Jumapili inakumbukwa mpaka mazishini. Wiebke alisimama, akatazama saa, akatazama gitaa, akafunga madirisha yote, akaifunika drili kwa mto wa kulalia, akabonyeza. Ilinguruma kwa muda wa kupiga chafya moja tu. Pazia la nyumba ya pili likacheza.

Haikupita dakika mbili, kengele ikalia. Alikuwa Tjarks, kavaa koti la kanisani, vifungo vyote vimefungwa. Akasema "Moin," salamu yetu ya saa zote, nasi tukasema "Moin," na kwa kuwa mgeni ni mgeni hata akija kukuhukumu, Wiebke akateleka chai.

Nanyi mnajua chai yetu ina katiba yake. Sukari ya mawe chini, chai juu yake ipasuke, malai pembeni yapande yenyewe, na asikoroge mtu. Vikombe vitatu ni haki ya mgeni, na hata baada ya vitatu ataendelea kumiminiwa mpaka aweke kijiko ndani ya kikombe. Tjarks alikunywa cha kwanza akitazama gitaa. Alikunywa cha pili akitazama drili chini ya mto. Alikunywa cha tatu akitazama matundu. Kijiko hakukigusa. Wiebke akamimina cha nne, na saa ya ukutani ikapiga saa nane. Mimi nilitamani kukitia kile kijiko kikombeni kwa niaba yake.

Shujaa akashindwa kuvumilia, akahutubia.

"Bwana Tjarks, nimeendesha basi miaka kumi na tisa. Watoto wa hapa nimewapeleka na kuwarudisha wote, na hakuna hata siku moja mtu kanipigia makofi kwa kukanyaga breki. Kwenye gitaa nimepigiwa makofi mara tatu. Mara tatu katika maisha yangu. Leo saa kumi hili likivuma au likilegea, ndiyo basi tena, nafasi yangu inakwenda kwa Keno. Niandikie barua ya kumi na mbili, nitaisoma. Lakini usinikalie hapa mpaka saa kumi."

Mzee akamaliza chai yake taratibu. Kisha akajibu, na maneno yake nayaweka hapa kama yalivyotoka.

"Bi. Habben, sheria za Jumapili nazijua kuliko mchungaji anavyoijua Biblia yake. Zinakataza kelele. Hakuna mahali zinakataza tundu."

Akaweka kijiko ndani ya kikombe, akatoka.

Alirudi na sanduku la mbao, na ndani ya sanduku keekee ya mkono ya marehemu baba yake, mpini wake umeng'arishwa na viganja vya watu wawili. Akatueleza kwamba baba yake alitoboa nusu ya kijiji hiki kabla ya umeme kufika, na kuku hawakushtuka. Akavua koti. Sikuwahi kumwona Tjarks bila koti.

Nikaamriwa nishike shingo ya gitaa, nikashika. Wiebke alitaka kuanza kwa nguvu. Mzee akamzuia mkono. "Kwanza zungusha kinyume," alisema. "Rangi ikatike polepole. Ukienda mbele kwa pupa itabanduka yote, utalia." Basi shujaa akazungusha kinyume, kisha mbele, na mbao ikatoka vipande vyembamba, kimya kimya. Tundu la kwanza lilichukua dakika kumi na mbili. La pili kumi. La nne mzee alilitoboa mwenyewe, kwa sababu, alisema, mkono ulikuwa unamwasha. La sita liliisha saa tisa na robo, na funguo sita zikaingia na kukaa kimya kama wanafunzi siku ya mtihani.

Nyuzi zikavikwa mbiombio. Lakini hatukuweza kujaribu sauti, maana kujua kama gitaa linavuma au halivumi lazima uwashe amplifaya, lile sanduku la kukuza sauti, na Tjarks, adui wa kelele, alikuwa bado yumo ndani. Kwa hiyo tulikwenda nyumba ya wazimamoto bila kujua.

Nyumba ya wazimamoto ilijaa. Magari yalikuwa nje, meza ndani, na Keno kando ya jukwaa, gitaa lake tayari shingoni. Onno alitupa jicho kwake, kisha kwa Wiebke. Wiebke akachomeka waya, akawasha.

Hapakusikika kitu. Onno aliinama akaweka sikio kwenye amplifaya.

"Hujawasha?"

"Imewashwa," akasema Wiebke.

Onno akabaki ameinama muda mrefu zaidi ya ilivyohitajika. Ndipo shujaa akapiga nyuzi zote sita kwa mara moja, na sauti ikatoka safi, pana, haina nyigu wala nzi. Tukapiga wimbo wa kwanza, uzi wa tatu haukulegea. Wimbo wa pili, haukulegea. Wimbo wa tatu ni ule mrefu ambao siku zote ulimwangusha, na mimi nyuma nilikuwa napiga ngoma macho nimeyafumba. Haukulegea mpaka mwisho, watu wakapiga makofi, na Wiebke akahesabu kwa midomo: nne.

Onno akamgeukia mkwewe. "Keno, litie gitaa kwenye mfuko. Nenda kasaidie kugawa keki." Kwetu hiyo ni sifa kubwa kwa aliyebaki jukwaani; wengine hufa hawajaisikia. Wiebke alijifanya anafunga kamba ya kiatu, lakini viatu vyake havikuwa na kamba.

Ndipo kwenye benchi la mwisho akasimama mtu mwenye koti la kanisani, lenye vumbi la mbao kwenye mkono mmoja. Watu wakageuka, maana walimjua, na kila mmoja alikuwa na barua yake nyumbani.

"Bi. Habben," alisema Menno Tjarks, mbele ya mchungaji, mbele ya kijiji kizima, "sisi wa huku nyuma hatusikii vizuri. Ongeza sauti."

Na iandikwe basi, na watakaozaliwa wasomewe, kwamba katika Grotensiel, Jumapili ya pili ya Agosti, saa kumi na dakika ishirini, mlinzi wa utulivu aliomba kelele, na Wiebke Habben akampa.