Mjomba Aliyefungua Lango

Jumatatu, tarehe 8 mwezi wa saba

Baridi. Umeme ulirudi saa kumi na moja kasoro dakika ishirini. Ninaandika saa kwa sababu kila kitu kinategemea hiyo. Umeme ukirudi, Papa Mwape anawasha televisheni. Televisheni ikiwaka, majirani wanaingia lupangoni, uani kwake, bila kualikwa. Mimi wa kwanza.

Lengo: Daniella, binti yake. Tunapendana mwaka mmoja na miezi minne. Barua ya kujitambulisha kwao kama mchumba nimeshaipiga chapa mwenyewe, kwenye kibanda cha kopi ninakofanya kazi, hapa Katuba. Kurasa tatu. Imebaki kumlainisha baba tu.

Njia: tamthilia ya mazombi. Sehemu kumi na mbili, sauti ya Kifaransa. Papa Mwape haikosi. Mpango wangu una namba kumi. Namba moja: kukubaliana na Papa Mwape katika kila jambo.

Leo sehemu ya sita. Lina, binti wa Kamanda Oskar, amebaki nje ya ukuta na jeraha mkononi. Labda meno ya zombi, labda waya. Oskar akakataa kufungua lango. Dario, mjomba wa Lina, kaka wa marehemu mama yake, akaiba ufunguo na kumwingiza.

Papa Mwape akasema Oskar ana haki: ndani watu mia mbili, nje mtoto mmoja. Nikasema ndiyo papa, kabisa papa. Mjomba Chama, kaka wa mama yake Daniella, mtu mkimya wa kiti cha plastiki karibu na mlango, akasema baba anaweza kulinda lango, lakini kumkataa mtoto hawezi. Mtoto si wake peke yake.

Nikamweleza kwa utaratibu kwamba mjomba ndani ya nyumba ya watu ni mgeni aliyezoea bukari, ugali wa bure. Daniella akaangusha kijiko. Hoja imewaingia!

Jumanne, tarehe 9

Guelor yupo tena. Anaendesha lori la mgodi upande wa Kinsevere, na anamtaka Daniella. Nilimuuliza Daniella kama naye anamtaka. Akasema swali gani hilo. Sijui kama hilo ni jibu.

Guelor alileta samaki wakavu kutoka kwao Kilwa, kule ziwani, wanene. Na akampa nani? Mjomba Chama! Kwa mikono miwili, magoti yamekunjwa. Papa Mwape, mwenye nyumba, hakupata hata mkia. Mpumbavu. Samaki wamepotea bure.

Sehemu ya saba. Nikauliza wanapata wapi mafuta ya gari miaka miwili baada ya dunia kuisha. Guelor akasema kwa wale wa vidumu, barabarani, kama sisi. Watu wakacheka. Mjomba Chama pia. Hiyo si mantiki.

Kumbukumbu: katika sehemu ya pili mazombi hawakuweza kupanda ngazi tatu. Leo wako juu ya paa.

Alhamisi, tarehe 11

Ujanja mpya. Chanda, muuza filamu jirani ya kibanda changu, alinikopesha flashi yenye tamthilia yote. Nimeangalia mbele hadi sehemu ya kumi na moja, kati ya mteja na mteja. Mama mmoja alitaka kopi moja ya cheti cha mtoto wake, akapata kumi na sita. Sehemu ya kumi na mbili ni mbovu, haifunguki. Haidhuru. Ninajua ya kutosha kuonekana nabii.

Jioni, kabla sehemu ya tisa haijaanza, nilisimama mbele ya wote nikatangaza: leo Dario atakufa. Mjomba Chama akaniuliza nimejuaje. Nikasema kwa mantiki tu. Mjomba anayefungua malango ya watu mwisho wake ni kuliwa.

Dario aliliwa dakika ya thelathini na moja. Nikapiga makofi. Peke yangu.

Mjomba Chama aliondoka bila kumaliza kikombe chake cha munkoyo. Guelor akamsindikiza hadi barabarani. Mtu mzima, anasindikizwa kama mgonjwa! Papa Mwape alinitazama muda mrefu. Heshima, nadhani.

Jumamosi, tarehe 13

Leo nilipeleka barua. Suti ya kijivu. Nikaiweka mbele ya Papa Mwape kwa mikono miwili.

Akacheka mpaka akakohoa. Akasema: “Mimi tena? Mwanangu, mie ni baba tu. Peleka kwa Chama.”

Daniella alinivuta nyuma ya jiko. Alisema kwao mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba analisha, baba anasomesha, lakini anayemtoa mtoto ni mjomba. Barua ni ya mjomba. Alisema kila mtu anajua, hata Guelor anajua. Nikamwambia sisi wa Kasai kwetu baba ndiye baba, na ningejuaje. Akasema alinieleza wakati wa Pasaka, na nikaandika.

Nimekagua daftari. Kweli. Namba tisa: kumheshimu mjomba. Tulikuwa bado namba sita.

Nikampelekea Mjomba Chama barua kwenye kiti chake cha plastiki. Aliipokea kwa vidole viwili. Alisema mtu anayeshindwa kunyamaza mbele ya televisheni hatanyamaza mbele ya mke wake. Kwa hiyo sharti ni moja: kesho, sehemu ya mwisho, nikae bila neno lolote, toka wimbo wa mwanzo hadi wimbo wa mwisho. Nikinyamaza, ataifungua barua. Nikisema, basi.

Neno lolote! Rahisi sana.

Jumapili, tarehe 14

Nilienda na mikate minne ya mafuta mfukoni. Mpango: kinywa kijae muda wote. Daniella alikaa nyuma yangu ili anifinye.

Dakika ya saba: bastola ya Oskar ilipiga risasi kumi na moja. Inabeba sita. Nikang’ata mkate.

Dakika ya kumi na tisa: wanajificha, na bado wanaitana kwa kelele. Mkate wa pili. Dakika ya ishirini na sita: Oskar anarudi kati ya mazombi kuchukua picha. Picha! Mkate wa tatu na wa nne pamoja. Daniella akanigusa bega, polepole. Nilikuwa nashinda.

Dakika ya arobaini. Lina yuko tena nje ya lango, Oskar ameshika ufunguo. Na tunaambiwa kwamba damu ya Lina ndiyo dawa. Yaani Dario alikuwa na haki! Mjomba Chama alinigeukia, akatabasamu.

Mikate ilikuwa imekwisha.

Nikasema haiwezekani, katika sehemu ya nne daktari alipima damu hiyohiyo hakuona kitu! Nikasimama mbele ya televisheni nihesabu makosa kwa vidole, mtu asichanganyikiwe. Papa Mwape akaniambia nitoke. Guelor akaniambia nikae. Daniella alinifinya mpaka mgongo ukauma. Nilikuwa kwenye kidole cha nne umeme ulipokatika.

Hakuna aliyeona mwisho.

Mjomba Chama alitoa barua yangu kwenye koti, haijafunguliwa, akaiweka juu ya goti langu. Akasema: “Oskar alifungua ao hakufungua? Sasa hatutajua.”

Daniella hakunisindikiza. Mwaka mmoja na miezi minne, mara ya kwanza.

Jumatatu, tarehe 15

Daniella alikuja kibandani saa tatu, macho mekundu. Alisema barua ya Guelor inafika Jumamosi, na Mjomba ataifungua. Alisema yeye hamtaki Guelor. Hilo sasa ni jibu! Nimeliandika.

Alisema mtu mmoja tu anaweza kumwambia Mjomba Chama neno na likasikilizwa: mama yake mzazi, Kambo Madeleine, bibi wa Daniella. Kambo haangalii televisheni. Kila asubuhi anasikiliza mhubiri wa redioni, na anapenda mtu akae naye. Kesho niende.

Nimejiandaa. Saa nne redio hurudia mahubiri, nikayasikiliza yote na kalamu mkononi. Mhubiri alisema utotoni hakuwahi kuvaa viatu. Baadaye kidogo akasema alitembea kwenda shule mpaka viatu vikaisha. Viatu gani? Kambo hawezi kuwa ameliona hilo. Nitamweleza taratibu, kwa heshima, kwa vidole.

Mpango mpya una namba kumi. Daniella ameniomba nisikilize tu, nisiseme. Nimeandika. Ni namba tisa.